Bi Kinyonga Apiga Hesabu ya Safari ya Tai

Masikio yapo?
Yapo!
Na mikia?
Tumeikalia!
Ikalieni vizuri, maana tunaruka.

Hapo kale palikuwa na viwanja viwili vya ndege, kimoja Ziwani, kingine kule Mlimani. Mbeba abiria alikuwa mmoja tu, Tai, na Tai alikuwa mlafi, mlafi, mlafi! Sharti lake: akisikia njaa angani, abiria amlishe kutoka kikapu chake cha chakula. Kikapu kikiisha, anamla abiria. Basi akawa anazunguka mawinguni, zungu, zungu, zungu, mpaka kikapu kiishe. Digidigi alipanda, hakufika. Kicheche alipanda, hakufika.

"Safari ni ndefu," Tai alisema, akijifuta mdomo.

Siku moja akaja Bi Kinyonga na kikapu cha kumbikumbi. Bintiye anaolewa Mlimani jioni ileile, na kwa miguu yake angefika bibi harusi keshapata wajukuu.

"Bwana Tai, Mlimani ni mbali kiasi gani?"

"Mbali! Panda, usiulize."

"Na mbio zako je?"

Tai akavimba kifua, maana wanyama wote walikuwa wakisikiliza. "Mimi? Nikipiga bawa mara moja, kilima kizima kimepita!"

Bi Kinyonga akapanda mti, tuku, tuku, tuku. Jicho moja likatazama huku, jingine likatazama kule.

"Kilima, kilima, kilima, kilima, kisha Mlima. Vilima vinne, mabawa manne! Hata kikapu sitakifungua."

Tai akakohoa. "Lakini upepo..."

"Upepo unakushinda?"

"Nani? Mimi?"

"Basi jamani, shuhudieni. Akipiga bawa la tano, huyu si Tai, ni kuku."

"Kuku!" wanyama wakaangua kicheko. "Kuku! Kuku!"

Tai akaruka kwa hasira. Bi Kinyonga, keshamkalia mgongoni, akamkaba shingo kwa mkia, rangi zinambadilika: kijani, manjano, majivu.

Vuuup! "Moja!" akapiga kelele, vilima visikie.

Vuuup! "Mbili!"

"Nina njaa," Tai akahema.

"Ukila utakuwa mzito, utashuka; ukishuka utapiga bawa la tano. Kuku!"

Vuuup! "Tatu!" Macho ya Tai yakatoka.

Vuuuuup! "Nne!" Na hapo nguvu zikamwisha. Akaporomoka, poro, poro, poro, PUU! Katikati ya harusi!

"Nani huyu?" wageni wakauliza.

"Ta... ta... Ta..." Tai akajaribu kujitaja.

"Mbona anatweta kama kuku?"

Tai hakuweza hata kudonoa chakula. Wageni wakala kumbikumbi mbele yake, kru, kru, kru, naye Bi Kinyonga akamchezea bintiye ngoma mpaka akageuka mwekundu.

Mafunzo, wanangu? Jisifuni! Jisifuni sana! Tai asingejisifu, mama wa watu angekosa harusi.

Ngano imetua.
Tushukeni!