Mdahalo Uliohamishiwa Sokoni

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliyejitafutia balaa kwa mkono wake mwenyewe asitegemee wa kumbembeleza. Dastani wa Newala aliisikia methali hii tangu utotoni, wala haikumsaidia.

Miaka ile Waingereza walipokaribia kufunga virago, Mwalimu Marko aliongoza chama cha kuwafundisha vijana kusema mbele ya watu. Dastani ndiye aliyekuwa jogoo wa chama. Kisha akaja Yuliana, msichana aliyetoka unyagoni mwaka uleule. Mwanzoni sauti yake haikuvuka dawati la mbele. Mwalimu akamwambia Dastani amfundishe, naye akamfundisha vizuri, hata siku moja Yuliana akapigiwa makofi kumzidi yeye. Tangu hapo wivu ukamkaa rohoni. Makofi yale yalimkosesha hata hamu ya ugali.

Ikatangazwa kwamba mshindi mmoja atakwenda Mtwara kwenye mashindano ya jimbo. Hoja ilikuwa msichana aliyekwisha chezwa unyago aendelee na shule. Yuliana alipangiwa kuunga mkono, Dastani kupinga.

"Mwalimu," Dastani akasema kwa sauti tamu, "tufanyie sokoni. Wananchi waamue wenyewe."

Mwalimu akakubali. Dastani alijua fika kwamba Yuliana anaogopa umati, na alitamani kumwona akiumbuka.

Siku ya soko Dastani akatangulia. "Enyi hadhira adhimu, nadharia hii ni batili!" Akaendelea kumwaga Kiswahili cha vitabuni bila kupumua. Wauza muhogo, ambao nyumbani walizungumza Chimakonde, wakatazamana.

"Anasema nini huyu?" akauliza Bimdogo, mmoja wao, kisha akarudi kupanga mafungu yake.

Yuliana akasimama, akawageukia wauza muhogo. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu!"

"Unyagoni mlinifunza kuwaheshimu na kuwasaidia. Mkipeleka korosho dukani, mzani anausoma nani?"

"Mwenye duka!" Bimdogo akadakia kwa uchungu.

"Basi niacheni nisome, mama zangu, nije niwasomee mzani."

Vigelegele vikapasua soko zima. Hata wanaume waliokuja kupinga walipiga makofi.

Dastani akamfuata Mwalimu, macho yamemwiva. "Sokoni si mahali pa mdahalo, Mwalimu. Turudie darasani."

"Nani aliyetaka sokoni?"

Dastani akaugeukia umati. Alitafuta mtu wa kumhurumia, asimpate hata mmoja. Yuliana akaenda Mtwara, yeye akabaki Newala na Kiswahili chake cha vitabuni. Hakika, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.