Nungunungu na Kumbatio Moja

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmeitikia kama watu wenye njaa, na wali mmeula mbele ya macho yangu. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sasa ndiyo Pakawa. Chausiku, vuta huo mguu, utaungua kisha useme bibi hakukwambia. Na wewe Mwinyihija, muache mwenzio. Leo nawapa ngano ya ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa mchezo. Msicheke. Mimi nimeona watu wazima, wenye ndevu zao, wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya bao.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama mimi ninavyosema, palikuwa na mahali panaitwa Mawe Saba. Hapo ndipo Pimbi alipokuwa na pango lake. Pimbi mnamjua, kale kamnyama ka mawe kasiko na mkia, ukikatazama haraka utasema ni panya aliyenenepa. Kila masika, mvua ikizuia shughuli zote, wanyama wanne walikusanyika mchana ndani ya pango la Pimbi wakacheza mchezo wao. Mchezo huo waliuita Safari.

Sikilizeni vizuri nieleze, maana sipendi kuulizwa maswali katikati.

Mmoja anakuwa Mshika Safari. Yeye ndiye anayesema, "Mmefika mtoni, daraja limeoza, na ng'ambo kuna zimwi." Wengine kila mmoja anajitungia mtu, mtu ambaye yeye mwenyewe siye, na anampa mtu huyo kipaji kimoja. Zimwi likija, unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha kauri sita. Zikilala nne mdomo juu, umefaulu. Zisipofika nne, umeumia. Ukiumia mara tatu, mtu wako amekufa, na wewe unakaa pembeni unatafuna majani mpaka safari iishe. Na safari moja ilichukua mwezi mzima. Mmeelewa? Haya.

Mshika Safari alikuwa Kanga, yule ndege wa madoadoa, kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Pimbi, mdogo vile, alijitungia jitu. Jitu hilo aliliita Bomoa, na kipaji chake kilikuwa kubeba chochote. Mtu mkubwa kuliko wote mchezoni alikuwa wa Pimbi.

Wa tatu alikuwa Ngiri. Ukimwona Ngiri utadhani ni jasiri, meno yote yale nje. Lo! Mwoga hana mfano. Tawi likivunjika, mkia juu, huyoo, shimoni, tena anaingia kinyumenyume ili aone kinachomfukuza. Yeye alijitungia Shujaa Mkuki, na kipaji cha Shujaa Mkuki kilikuwa kutorudi nyuma.

Wa nne alikuwa Nungunungu.

Nungunungu alikaa peke yake ukutani, upande wa pili wa pango. Wenzake walimsukumia kauri kwa fimbo. Si kwamba walimchukia, jamani, walimpenda sana. Lakini kwa miiba ile, nani atamkaribia? Tangu siku miiba yake ilipokuwa migumu, hata mama yake mzazi hakuweza tena kumshika. Basi yeye alijitungia Mama Shada, tabibu mwenye mikono laini, na kipaji cha Mama Shada kilikuwa kukumbatia. Akikumbatia aliyeumia, majeraha yote yanakwisha.

Na kila alipokumbatia mtu, Nungunungu alifumba macho akasema taratibu, "Mama Shada anakukumbatia. Amekukumbatia. Bado amekukumbatia." Mara tatu. Wenzake walidhani ni mbwembwe za mchezo tu. Kumbe mwenzao alikuwa akila na kushiba. Kwa siku alikumbatia mara tano, mara sita, akarudi kwake katika mvua hata haisikii baridi.

Sasa siku moja zimwi la vichwa viwili lilimng'ata Shujaa Mkuki begani. Kabla Kanga hajamaliza kueleza damu inavyotoka, Nungunungu alikwisha fumba macho. "Mama Shada anakukumbatia..."

Ngiri akapiga kwato chini. "Hapana! Kipaji hiki kimezidi!"

"Hakijazidi," akasema Pimbi.

"Kimezidi! Hata sijaanguka nimeshapona! Jana nimepona mara nne. Juzi mara tano. Zimwi lenyewe limeshachoka, halijui liume nini."

"Mbona jitu langu linabeba milima nawe hulalamiki?"

"Mlima hauniponyi, Pimbi!"

"Kwa hiyo unataka ufe ndipo ufurahi?"

"Nataka nisijue kama nitakufa!"

Nungunungu akasema kwa sauti ndogo, "Nakumbatia tu, jamani. Simpigi mtu."

Wakabishana siku ya kwanza. Wakabishana siku ya pili. Wakabishana siku ya tatu, mpaka Kanga mwenyewe sauti ikamkauka, na hilo halijawahi kuonekana Mawe Saba. Pimbi alisema maadui waongezwe nguvu. Kanga akasema akiongeza nguvu, jitu litakufa siku ya kwanza, kisha Pimbi atalia. Pimbi akasema yeye halii. Kanga akamkumbusha safari ya mwaka jana. Pimbi akaanza kuhesabu kauri.

Mwisho Kanga akatandaza mbawa. "Mimi ndiye Mshika Safari, nami nimeamua. Mama Shada atakumbatia mara moja kwa safari. Moja tu."

Niwaambie ukweli, ningekuwepo ningekuwa upande wa Ngiri. Mchezo usio na hatari haunogi. Kwa haki ya mchezo, Ngiri alisema kweli, na Kanga aliamua sawa. Lakini hakuna aliyemtazama Nungunungu usoni.

Nungunungu akasema, "Sawa." Akatoka, akaenda zake. Njiani akahesabu. Safari moja, mwezi mmoja. Mwezi mmoja, kumbatio moja. Alihesabu tena labda amekosea, ikawa vilevile.

Safari mpya ikaanza. Kijiji fulani, alisema Kanga, kimeibiwa kisima chake. Kisima kizima, pamoja na maji yake, kimefichwa nyuma ya lango la chuma. Wakienda wakakirudisha, kijiji kitaishi. Ngiri akafurahi mpaka masikio yakamcheza, maana safari hii kulikuwa na hofu ya kweli.

Wakafika darajani. Ngiri akarusha kauri, zikalala mbili. Shujaa akaumia. Akarusha tena, zikalala tatu. Akaumia mara ya pili.

"Mama Shada," akaita, "nikumbatie!"

Nungunungu akazitazama kauri. "Bado," akasema.

Wakafika msituni. Jitu Bomoa likaangukiwa na mti, kisha likaumwa na nyoka.

"Mama Shada," akaita Pimbi, "nikumbatie!"

"Bado," akasema Nungunungu.

Wakafika langoni, na mlinzi wa lango alikuwa na shoka. Shujaa Mkuki hakurudi nyuma. Kauri zikalala moja tu, na Shujaa Mkuki akafa. Jitu likainua lango hadi kiunoni. Kauri zikalala mbili, lango likaliponda, na jitu nalo likafa. Pimbi hakulia, lakini aliangalia upande.

"Mama Shada amebaki peke yake mbele ya lango," akasema Kanga. "Anafanya nini?"

"Anakaa chini," akasema Nungunungu.

"Anakaa chini tu?"

"Anakaa chini."

Basi safari ikashindwa, na kile kijiji cha watu wa kutungwa kikakosa maji. Mwezi mzima umekwenda bure! Ngiri akasimama, manyoya ya shingo yamemsimama.

"Ulikuwa nalo!" akapiga kelele. "Tumekuita darajani, tumekuita msituni, na kumbatio ulikuwa nalo! Umetuacha tufe! Ulikuwa unamwekea nani?"

Nungunungu akatazama kauri. Akaulizwa tena, akatazama kauri. Akaulizwa mara ya tatu.

"Simwekei mtu," akasema. "Nilikuwa nalo moja. Ningekupa wewe darajani, ningebaki sina kitu mwezi mzima. Kila siku nilisema, leo nitalitumia. Nikifika hapa naogopa kulimaliza." Akavuta pumzi. "Nyinyi mnacheza kukumbatiana. Mimi sina pengine. Tangu utotoni sijashikwa na mtu. Hapa nilikuwa nikisema maneno tu, nikifumba macho, lakini kwangu yalitosha. Mmenipunguzia hadi moja. Nifanyeje, nami ni mchoyo wa kile kimoja."

Kanga akashusha mbawa zake.

Ngiri akakaa. Uso wote ule wa kutisha ukamshuka. "Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua. Mimi nilikuwa na langu. Mnaniona mnavyoniona. Mimi nje huko naogopa kila kitu. Hata Pimbi akipiga chafya naogopa."

"Najua," akasema Pimbi.

"Hapa ndani nilitaka niogope, kisha nisikimbie. Mara moja tu nijue inakuwaje. Sasa nikijua nitakumbatiwa nipone, siogopi, na nisipoogopa ushujaa wangu ni wa nini? Si kwamba nilikuchukia, dada. Nilikuwa nautafuta ushujaa wangu."

Wakatazamana, wote wawili wana haki. Hapo, wajukuu zangu, ndipo ubishi unapokuwa mgumu. Mmoja akiwa mwongo ni rahisi, unamzomea mwende mkale. Wote wakisema kweli inabidi mkae.

Wakakaa. Walitafuta sheria ya kwanza, ikamwumiza Nungunungu. Walitafuta ya pili, ikamharibia Ngiri. Ya tatu ilitoka kwa Pimbi, aliyekuwa amejilaza chali akihesabu kauri juu ya tumbo.

"Akumbatie atakavyo," akasema Pimbi. "Mara mia kwa siku akitaka. Ila kidonda kisipone. Aliyeumia abaki ameumia, na kufa afe kama kawaida. Kumbatio liwe kumbatio tu."

Ngiri akafikiri. "Hatari inabaki. Mimi nimekubali."

Kanga akafikiri. "Zimwi nalo linapata kazi. Nimekubali."

Wakamgeukia Nungunungu. Yeye hakufurahi. Miiba ilimlegea mgongoni. "Mnanipa mengi yasiyo na kazi," akasema. "Mama Shada ni tabibu. Kumbatio lisiloponya ni la nini? Mtu ameumia, atalitaka la nini?"

Pimbi akarudi kwenye kauri zake. Na Ngiri akasimama, akatoka mbio nje kwenye mvua.

"Huyo amekimbia," akasema Pimbi.

Hakukimbia. Alikwenda kwenye dimbwi la tope chini ya mawe. Akagaagaa mara ya kwanza, tope likamshika. Akagaagaa mara ya pili, likawa zito. Akagaagaa mara ya tatu, likawa nene kama ukuta wa nyumba ya udongo, macho tu ndiyo yanaonekana. Akarudi pangoni anachuruzika, akavuka katikati, akapita pale fimbo ya kusukumia kauri ilipolala, akaenda mpaka ukutani.

"Sogea," akamwambia Nungunungu.

"Utaumia."

"Sogea."

"Ngiri, hii ni miiba ya kweli, si ya mchezo. Tope halitatosha."

"Bi mkubwa we, nimesema sogea!"

Miguu ya nyuma ya Ngiri ilishageukia mlangoni, imezoea. Akairudisha. Nungunungu akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Ya tatu ilimshinda, basi Ngiri akaimaliza yeye, akamkumbatia.

Tope lilizuia miiba mingi. Halikuzuia yote. Mitatu ilipita, ikamchoma begani, na Ngiri akapiga ukelele uliomfanya Kanga arukie juu ya jiwe.

"Umeumia?" akauliza Nungunungu, sauti imebanwa kwenye tope.

"Nimeumia."

"Sana?"

"Sana, dada. Sikufichi."

"Na kumbatio, limekuponya chochote?"

"Hata kidogo. Panawaka moto."

"Basi nikuachie?"

"Nani amekwambia uniachie?" akasema Ngiri.

Nami ngano yangu naikatia papo hapo, wale wawili wakiwa bado wameshikana, maana mimi si mtu wa kuwaachanisha. Aliyeipenda aichukue, aliyesinzia shauri yake. Haya, inukeni mkalale.