Safari ya Saa Kumi na Tano

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme, ni juzi tu simu zilipokwisha kuingia kila nyumba, aliishi Bukoba mama mjane, Kokugonza. Jicho lake moja lilikwisha kufa. La pili likapandwa na presha. Jumatano asubuhi daktari akamwambia, "Mama, lazima tukupasue kabla ya kesho jioni. Ikipita hapo, hutaona tena."

Kokugonza akasema, "Kupasuliwa ni kubahatisha. Kwanza nimwone mwanangu Kaijage anayekuja, miaka tisa sijamtia machoni. Kama anafika kesho, nangoja. Kama hafiki, nipasueni leo."

Haya, swali gumu hilo? Mtu anafika lini, basi. Watoto watatu, wote wamesoma, likawashinda.

Kemilembe, binti yake, akafungua simu. Akaandika Winnipeg, huko Kanada aliko kaka yake, akaandika Bukoba. Simu ikajibu: kilomita elfu kumi na mbili na mia saba, saa kumi na tano kwa ndege. "Mama, ameondoka leo. Kesho asubuhi unaye." Utadhani kaka yake kunguru, anaruka paa hadi paa.

Kaijage mwenyewe akapiga simu kutoka uwanjani. Tiketi anayo mkononi: ndege nne, kulala Addis, kufika Jumamosi. Akasema nini? "Niko njiani, mama. Ningoje." Hilo la Jumamosi akalimeza.

Wa tatu, Byabato, kitinda mimba anayekaa na mama. Kaka yake alipohama, ndiye aliyengoja siku tatu kusikia kwamba amefika. Alijua safari ile si ya siku moja. Akanyamaza, anamenya ndizi zake.

Alhamisi asubuhi, hakuna mtu. Mchana, hakuna mtu. "Ndege imechelewa kidogo," akasema Kemilembe. Kidogo! Jioni ikapita. Ijumaa jicho likazima.

Jumamosi Kaijage akaingia na sanduku lake. Mama akampapasa pua, masikio, kidevu. "Umefuga ndevu," akasema. "Bado nyeusi?"

Sasa mama anataka mtu wa kumshika mkono kila siku, aache kazi, aache mambo yake. Hapo ndipo midomo ilipofunguka.

Kemilembe akasema, "Mimi nilisema nilichoonyeshwa. Waliojua ni nyinyi wawili."

Kaijage akasema, "Ningetaja Jumamosi, angepasuliwa kabla hajaniona. Nilitaka anione. Na hizo saa kumi na tano sikuzitaja mimi."

Byabato akasema, "Kila nikimsema kaka, mnaniambia nina wivu. Nikanyamaza mlivyotaka. Na nimemuuguza mama miaka tisa. Zamu yangu imekwisha."

Mimi wamenichosha, wallahi. Watu wazima watatu wanarushiana maneno, na mama amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, anangoja wa kuushika.

Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu, semeni. Je, nani alistahili kuacha mambo yake yote akaushike mkono ule?