Ngazi ya Wachumba wa Mtondooni

Nyinyi mnaoshangaa kumwona bwana harusi akipanda ngazi isiyofika popote, tulieni. Zamani wachumba wa Mtondooni waliposa kama watu wote, mshenga mbele na maneno matamu nyuma. Ngazi haikuwahusu.

Ndipo tajiri mmoja, Bwana Nurdini, alipokuja kujenga hoteli. Mpya hakuitaka. Alitaka kasri la kale la malkia Mwana Sitara, malkia ambaye Bwana Nurdini mwenyewe alimbuni akinywa chai. Mafundi wakaambiwa wakishajenga kuta wazimege pembe, zionekane zimekula chumvi nyingi. Fundi Shamte, aliyejivunia ukuta ulionyooka kuliko sura yake, roho ilimuuma kila aliposhika nyundo. Alivumilia tu, maana kazi ikiisha salama angemwoa Mize, mpishi wa mafundi.

Siku moja akaishika ramani kichwa chini miguu juu. Akajenga ngazi nzuri ya mawe, vidato kumi na viwili, na cha mwisho kikaishia ukutani. Hakuna mlango, hakuna dirisha. Shamte alipoligundua kosa, Bwana Nurdini alikwishasimama nyuma yake.

"Fundi, hii inakwenda wapi?"

Shamte aliiona harusi yake inaota mbawa.

"Haiendi, bwana," akasema. "Hapa ndipo Mwana Sitara alipowapima wachumba. Aliyekuta ukuta akashuka amenuna, alirudishwa kwao. Aliyeshuka anacheka, alikaribishwa ndani wakazungumza."

Bwana Nurdini akatoa kalamu, akaandika yote. Hadithi ikachongwa kwenye kibao, wageni wakamiminika, na fundi akabaki kazini.

Kazi ilipokwisha, Shamte akavaa kanzu, akaenda na mshenga wake kumposa Mize. Mize akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kibao nimekisoma," akasema. "Panda kwanza."

"Mize, ngazi ile si unajua niliijenga mimi?"

"Basi hutapotea njia."

Shamte akapanda, mji mzima unamtazama, aibu imemjaa. Kule juu akakutana na ukuta wake mwenyewe, umenyooka, pembe zake hakuna aliyekumbuka kuzimega. Akacheka mpaka akaketi. Mize naye, huku chini, akacheka.

Ndiyo maana hadi leo Mtondooni haozwi mwanamume asiyepanda ngazi ile. Wapo wasomi wanaokuja na madaftari kutuambia kwamba malkia huyo hakuwahi kuishi. Tunajua. Nasi huwaomba wapite nyumba hata nyumba, wawaulize wanawake wetu kama kuna aliyeolewa na mume wa kununa.