Makubadhi ya Sultani na Mlango wa Masizi

Hapo zamani, kabla hajazaliwa mtu wa kunibishia, palikuwa na muuza kahawa katika mji wa Shungi, jina lake Mshangama, maskini wa mfuko, tajiri wa maneno. Mwaka mmoja alikopa gunia la buni kwa tajiri Mwinchande, akawanywesha rafiki zake bure kwa kujisifu, hata likaisha. Deni akalilipa lote, lakini alichelewa. Ikawa Sultani ameamuru mlango wake upakwe masizi, kama ilivyokuwa desturi ya mji ule, na mwenye mlango wa masizi hakopeshwi hata chumvi.

Basi dele la kahawa likakaa baridi. Mkewe, Somoe, akamwambia, "Mume wangu, maneno yako hayapikiki. Mwezi ukiandama hujapata buni, mimi narudi kwa kaka zangu."

Mshangama akaenda barazani, akapiga magoti. "Ewe Bwana wangu, deni nililipa. Nifutie masizi."

"Nitayafuta kwa mkono wangu," akasema Sultani, "siku mtu atakapokuamini kwa mali yake, ukamrudishia salama. Lakini atakayemwamini mwenye masizi, naye atapakwa."

"Sasa ni nani atakayeniamini, Bwana?"

"Hilo ni lako."

Watu wa baraza wakacheka, na Mwinchande akacheka kupita wote. Ningekuwa mimi ningelia. Mshangama alikwenda kufua kanzu, kwani kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ijumaa akawahi msikitini, akasimama mlangoni penye viatu. Kila aingiaye, Mshangama akamwambia, "Viatu vyako ninavyo mimi, bwana." Watu wakamwona punguani, wakavua, wakapita. Mwinchande naye akavua. Mwisho akaja Sultani mbiombio, na makubadhi yake ya nyuzi za dhahabu.

"Makubadhi yako ninayo mimi, Bwana wangu."

"Kaa nayo, mpumbavu wee," akasema Sultani, maana imamu alikwisha panda mimbari.

Mshangama akasali safu ya mwisho, karibu na kizingiti, akawa wa kwanza kutoka. Watu walipotoka wakakuta kila jozi imepangwa, ncha zatazama njia, vumbi limefutwa. Naye akamvika Sultani makubadhi, akasema mji mzima ukisikia, "Mmeniamini wote, nami nimerudisha. Vumbi nimelifuta bure. Hiyo si riba, ni shukrani. Haya Bwana, masizi."

"Nani aliyekuamini wewe?"

"Bwana wangu, nilisema ninayo, ukasema kaa nayo, ukanipa mgongo. Ama uliniamini, ama Sultani wa Shungi huacha dhahabu kwa mtu asiyemwamini. Nichagulie moja, nikawahadithie watu."

Sultani akayatazama makubadhi miguuni, akasema, "Na nikisema nilikuamini, amri yangu yataka nami nipakwe masizi."

"Wewe na mji mzima, Bwana. Nami nimetazama jikoni kwetu, masizi hayatoshi."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaenda akaufuta ule mlango mwenyewe, na ikawa mkono wa Sultani ndio uliobaki mweusi. Mwinchande akaleta gunia la buni kabla ya kuombwa, na Somoe akateleka dele bila kutaja kaka zake.

Tangu hapo, Ijumaa ambayo Mshangama huchelewa, Sultani husimama nje, makubadhi kwapani, hataki kuingia. Anayebisha na aende msikitini akaulize. Lakini avue viatu kwanza.