Kwa Nini Jiko la Mfiwa Haliwashwi Siku ya Mazishi

Hapo kale, Wayahudi wa kijiji kimoja cha chini ya mlima walikuwa na desturi tofauti kabisa. Aliyefiwa ndiye aliyewapikia waliotoka kuzika. Akishawasha jiko, hakuruhusiwa kuketi wala kuonja kitu mpaka mgeni wa mwisho ashibe. Mzee Hezroni alifanya hivyo alipomzika mkewe, naye akafa kabla wiki haijaisha. Watu wakasema ni huzuni.

Mwanamke mmoja, Tirza, hakuamini kwamba ilikuwa huzuni tu. Siku alipozikwa Amosi kule mlimani, alisimama karibu na mjane wa marehemu, Zilpa, aliyekuwa jirani yake. Zilpa alikuwa hajatia kitu kinywani siku nne, tangu mumewe azidiwe. Huyu akisimama jikoni leo, Tirza aliwaza, kesho tutachimba tena.

Hakungoja koleo la mwisho la udongo. Alikunja gauni lake akateremka mlima mbio, wazee wakimkodolea macho. Nyumbani akabandika dengu na mayai, akapuliza moto hadi machozi yakamtoka. Maji yakagoma kuchemka. Sauti za watu zilikuwa zimeshafika kwenye kona ya kisima. Alikemea chungu kama anayemkemea mbuzi. Mayai yalipoiva tu, aliyatia kapuni pamoja na bakuli la dengu, akaruka kizingiti.

Alimkuta Zilpa ameinama jikoni kwake, kijinga cha moto mkononi. Tirza akaketi juu ya mafiga.

"Ondoka, dada, nina wageni."

"Washa tu. Nilivyonona, nitawaka vizuri."

Mzee Gershoni akatokea mlangoni, umati nyuma yake. "Tirza, sasa sisi tutakula kwa nani?"

"Kwenu, baba. Na mkirudi, msije mikono mitupu."

Zilpa akawageukia wageni ili awaombe radhi. Tirza akamenya yai, akaliweka kiganjani mwake.

"Tazama, nalo halina mdomo. Huna haja ya kusema kitu. Kula."

Zilpa akauma. Akauma tena. Mzee Gershoni alimtazama akitafuna, kisha akageuka akaondoka mbiombio, na umati mzima ukatawanyika, kila mtu akikimbilia jiko lake.

Na tangu siku hiyo, mlo wa kwanza wa mfiwa baada ya maziko hutoka kwa majirani, na mayai hayakosekani. Ndiyo maana katika kijiji kile, anayetoka makaburini akikimbia haulizwi kitu. Hupishwa njia.