Nani Abebe Msalaba wa Melania?

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, saa kumi na moja na robo alfajiri. Gaspari Hyera alinyoosha mkono akawasha taa ya kitandani, akageuka, akaona mkewe Melania amekwisha kukata roho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umelalia swichi ya upande wake.

Hadithi hii ni ya taa hiyo, ndugu wasikilizaji. Sikilizeni hadi mwisho, kwa maana mwishoni mtaulizwa.

Watu watatu ndio walioifunga. Osmundi, mtoto wa kaka yake Melania, Mungu alimjalia akili ya umeme. Kastori, jirani, alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa. Huberta, binti wa Gaspari na Melania, alijaliwa jicho la kuona kile ambacho wengine wanakipita.

Melania alipata kiharusi kabla ya Kwaresima. Upande wake wote wa kulia ukafa. Maneno yakawa yanamtoka kwa shida, na usiku hayakutoka kabisa. Swichi ya chumba ilikuwa mlangoni. Akishikwa na kiu au maumivu, alilala macho gizani akingoja kuche, huku Gaspari anakoroma.

Osmundi aliposikia hayo alikuja na bisibisi na tasta yake ya kupimia umeme. Fundi mwingine alikuwa amesema haiwezekani bila kuvunja ukuta. Osmundi akaangalia, akapitisha waya nyuma ya ubao wa kitanda. "Shangazi, taa ni moja, swichi ni mbili, moja kila upande. Ukiwasha wewe, yeye anaweza kuzima. Akizima yeye, wewe unawasha tena." Bila akili ya Osmundi, taa isingekuwapo.

Waya ukapungua mita tano, na mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda mjini. Kastori akasikia, akaenda kwake, akarudi na waya aliong'oa kwenye banda la ng'ombe.

"Na ng'ombe wako je?" Osmundi akamuuliza.

"Ng'ombe wangu hasali rozari. Atakula gizani, mdomo anajua ulipo."

Melania akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Tangu siku hiyo Kastori anakamua maziwa kwa kupapasa. Bila waya wake, taa isingekuwapo.

Osmundi alikuwa ameanza kukaza swichi pale Melania alipozoea kulala, upande ambao mkono wake wa ukingoni mwa kitanda ni wa kulia. Huberta akamshika bega. "We fundi, umesomea wapi? Mkono huo umekufa! Utakuwa unakuja kumbonyezea wewe? Baba, hamia huku. Mama atalala huko." Miaka thelathini na mmoja Gaspari alikuwa amelala upande mmoja. Siku hiyo akahama. Bila jicho la Huberta, taa ingekuwapo, lakini Melania asingeifikia.

Jioni ile walicheza kama watoto. Melania anawasha, Gaspari anazima. Melania anawasha, Gaspari anazima. "Leo umepata mpinzani, baba Huberta," alisema Kastori. Kisha Melania akatuliza uso, akasema polepole, neno moja moja: "Aliyenitia taa mkononi, huyo ndiye abebe msalaba wangu siku ya kunizika." Wote watatu walisikia. Hakutaja jina.

Sasa ni Alhamisi, saa nane mchana. Jeneza liko sebuleni, padri amefika. Katekista anauliza nani atatangulia na msalaba, kwa maana msalaba ni mmoja, na hubebwa na mtu mmoja.

"Ni mimi," alisema Osmundi. "Kazi ni ya mikono yangu."

"Mikono yako ingeshika nini bila waya wangu, kijana?" akasema Kastori.

"Nyinyi mlikuwa mnamtia taa kwenye mkono uliokufa," Huberta akalia. "Mama yangu huyu!"

Kisha wakamgeukia mzee Gaspari. "Amua wewe, baba. Wewe ndiye uliyekuwa naye."

Gaspari akatazama chini. Kuna jambo hajamwambia mtu. Usiku ule wa kuamkia Jumanne taa iliwaka. Akiwa katikati ya usingizi alisema, "Acha mchezo, mama Huberta," akaizima. Ikawaka tena. Akaizima tena, akajifunika blanketi hadi kichwani. Haikuwaka mara ya tatu. Watu watatu walimpa Melania taa ya kumwitia mumewe, naye akaitika mara mbili kwa kuizima. Na sasa anaombwa aseme nani apewe heshima.

Katekista ameshika msalaba kwa mikono miwili, anangoja. Jina la Melania limeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe ambayo haijakauka vizuri.

Je, wewe msikilizaji, ungeamua vipi? Ungempa Osmundi, au Kastori, au Huberta? Na kama ungekuwa Gaspari, ungewaeleza kwanza, au ungetaja jina na kufuata jeneza kimya?

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Melania. Aliwasha, hakuitikiwa. Wewe mwitikie. Umwangazie mwanga wako, ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuuzima. Amina.